Kondoo wa Tinde, Panya wa Basel

Mjadala wa wanyama wa maabara umezoeleka kusimuliwa kana kwamba ni wa Ulaya na Marekani peke yao: waandamanaji nje ya chuo kikuu, tumbili ndani ya kizimba, mbunge anayetaka sheria ibadilishwe. Msomaji wa Segese, mkoani Shinyanga, anaweza kuupita tu, maana ana ya kwake: bei ya dhahabu, mvua, ada za shule. Lakini akipanda gari Segese, akapita Kahama na Isaka na kushuka njia panda ya Tinde, nusu siku haijaisha naye yuko mahali palipofanyika jaribio la tiba ambalo wataalamu wa malale duniani bado wanalitaja. Lilianza mwaka 1934. Liliwatumia kondoo, swala na mbung'o. Na mwisho wa mnyororo huo walikuwapo watu.

Naanza na Tinde kwa sababu inapanga upya maswali. Swali la kawaida ni kama ni haki kumtesa mnyama ili mtu apone. Ni swali zito, lakini liko jingine linalolitangulia: je, mnyama huyu anaweza kujibu tunachomuuliza? Na asipoweza, nani atawekwa mahali pake? Shinyanga ina jibu la swali hilo la pili, na si jibu la kujivunia.

Malale ya upande wetu wa Afrika huletwa na kimelea kiitwacho Trypanosoma rhodesiense, kilichotambuliwa mwaka 1910 katika damu ya mgonjwa aliyeambukizwa bonde la Luangwa, Zambia ya leo. Kinasambazwa na mbung'o, ambaye wafugaji wengi wa kanda hii humwita ndorobo. Mgonjwa asipotibiwa hufa ndani ya miezi, tofauti na malale ya Kongo na Afrika Magharibi ambayo huweza kuchukua miaka. Mwaka 1922 ugonjwa ulilipuka Maswa. Serikali ya Waingereza ikatafuta dawa ya tatizo zima, si ya mgonjwa mmoja mmoja. C. F. M. Swynnerton, aliyeijenga Shinyanga kuwa kituo cha utafiti wa mbung'o, alisisitiza kufyeka vichaka, na kazi hiyo ikafanywa kwa mikono ya maelfu ya Wasukuma. Daktari George Maclean alisimamia kuhamishwa kwa watu waliotawanyika porini magharibi ya Tanganyika, wakakusanywa katika makazi ya pamoja. Wengine walitaka wanyamapori wapigwe risasi mpaka waishe.

Mipango yote hiyo ilisimama juu ya jambo moja ambalo hakuna aliyekuwa na hakika nalo. Kimelea kinachoua watu kinaishi pia ndani ya pongo, swala na mifugo, au mtu humwambukiza mtu mwenzake tu kupitia mbung'o? Ikiwa kinaishi porini, kuwahamisha watu hakukitokomezi. Ikiwa hakiishi porini, kuua wanyama ni ukatili usio na faida.

Hapa ndipo panya aliposhindwa. Kimelea cha malale kina pacha wake, Trypanosoma brucei, anayeleta nagana kwa ng'ombe, farasi na mbwa lakini hamdhuru mtu. Chini ya hadubini huwezi kuwatofautisha. Panya mweupe alikuwa chombo kizuri sana cha kugundua vimelea vichache ambavyo daktari hakuviona kwenye damu: mchome damu yenye mashaka, subiri siku kadhaa, utavikuta vimejaa. Ila wote wawili walistawi ndani yake na wote wawili walimuua. Panya alijibu kwamba vimelea vipo. Kwamba ni vya mtu au vya ng'ombe, hakuwa na namna ya kusema.

Basi watafiti wakamgeukia mtu. Wajerumani walikuwa wametangulia. Daktari wa jeshi Max Taute alijichoma mwenyewe damu yenye vimelea vya wanyama, kisha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, katika kampeni ya Afrika Mashariki, yeye na mwenzake Huber wakafanya hivyo kwa Waafrika 129 pamoja na wao wenyewe wawili, wakitumia damu ya farasi na nyumbu wa kubebea mizigo waliokuwa na nagana. Hakuna aliyeugua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1919, na wengi wakayachukua kuwa uthibitisho kwamba vimelea vya wanyama na vya watu ni vitu viwili mbalimbali. Madaktari wawili walioweka mikono yao wenyewe chini ya sindano wanastahili kutajwa. Wale 129 nao wanastahili, lakini fasihi ya kisayansi iliwabakiza kuwa hesabu.

Tinde ililigeuza jaribio hilo kichwa chini. Daktari J. F. Corson hakuanza na kimelea cha mnyama. Alianza na kile cha mgonjwa wa malale. Alikipitisha kwa mbung'o hadi kwa kondoo, kutoka kwa kondoo hadi kwa mbung'o wengine, kisha kwa swala, na kuendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, mbung'o akiwa kiungo kila mara kama ilivyo porini. Kila baada ya muda, mbung'o walioambukizwa waliachwa wamng'ate mtu. Swali lilikuwa rahisi kulieleza: kimelea kikikaa kwa wanyama muda mrefu, husahau namna ya kumwambukiza mtu?

Hakikusahau. H. Fairbairn na E. Burtt walichapisha sehemu ya matokeo mwaka 1946, na ndani yake kulikuwa na jambo ambalo hakuna panya angelitoa: kwamba mtu huhitaji kupokea idadi fulani ya vimelea ndipo augue, yaani kama 300 hadi 450 kwa makadirio yao. Mbung'o mwenye vimelea vichache mateni anaweza kumng'ata mtu asimpe malale. Ripoti ya mwaka 1955 ya K. C. Willett na Fairbairn ilisimulia miaka 18 ya kukipitisha kimelea kwa wanyama kikiwa bado kinaambukiza watu. Mwaka 1958 kipande cha mwisho kikaingia mahali pake: Heisch na wenzake, upande wa Kenya karibu na Ziwa Viktoria, walitoa vimelea kwa pongo wa porini, wakamchoma mtu, naye akaugua malale. Pori lilikuwa ghala la ugonjwa kweli.

Elimu hiyo ilikuwa ya kweli na ina manufaa mpaka leo. Ndiyo inayoeleza kwa nini mrina asali au mwindaji huweza kurudi na malale kutoka pori lisilokaliwa na mtu yeyote. Ripoti zinawataja watu walioumwa na wale mbung'o kuwa walijitolea, na dawa ya suramin ilikuwapo, ambayo malale ikigunduliwa mapema huitibu. Nayakubali yote mawili. Bado, kukubali kwa mtu wa koloni mbele ya daktari wa serikali, zama za kodi ya kichwa na amri za kuhama, si kukubali kwa mtu anayeweza kusema hapana na asipate hasara. Mwaka 1947, kule Nuremberg, mahakama iliyowahukumu madaktari wa Hitler iliweka kanuni kwamba majaribio kwa binadamu yajengwe juu ya matokeo ya majaribio kwa wanyama, na kabla ya hapo ikaweka sharti la ridhaa ya hiari. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 likalikazia jambo hilo. Watu wengi wanaopinga matumizi ya wanyama husahau kwamba mnyama aliwekwa mbele ya mtu kwa makusudi, kama ngao, na kwamba ngao hiyo iliwekwa baada ya watu wengi kuumizwa. Tinde ilionyesha shimo lililokuwa ndani ya ngao hiyo: mnyama akishindwa kujibu, mnyonge ndiye huitwa.

Kuna kundi jingine la wanyama wa utafiti wa Shinyanga ambalo halitajwi kabisa kwenye mijadala hii. Kati ya mwaka 1945 na 1950 idara ya mbung'o ilifanya jaribio la kuwapiga risasi karibu wanyamapori wote wa eneo fulani la Shinyanga, ili kuona kama mbung'o watakufa kwa kukosa damu. Potts na Jackson walilichapisha mwaka 1952. Maelfu ya wanyama waliuawa, na mbung'o wakapungua mno. Kusini zaidi, Rhodesia ya Kusini iliua mamia ya maelfu kwa lengo hilo hilo. Hakuna kamati iliyoketi kujadili maumivu ya pofu au ngiri hao. Nadhani ni udhaifu wa mjadala mzima: mnyama akiwa kwenye kizimba chenye namba tunamhurumia, akiwa porini tunamhesabu kwa risasi.

Turudi kwenye majaribio ya malale kama la Tinde: watu walitolewaje humo? Si kwa huruma peke yake. Ilitakiwa kwanza mtu aelewe kwa nini panya alikuwa hajibu. Jambo lilikuwa kwamba damu ya binadamu ina kitu kinachoyeyusha vimelea vya nagana, na damu ya panya haina. Kimelea cha malale ni kile kilichojifunza kustahimili kitu hicho. Mwaka 1970, L. R. Rickman na J. Robson walichapisha kipimo kilichotumia ufahamu huo. Walichukua vimelea wasivyovijua, wakaviweka kwa saa kadhaa katika damu ya mtu ndani ya chupa, kisha ndipo wakamchoma panya. Panya akiugua, vimelea vimestahimili damu ya binadamu, basi ni vya malale. Asipougua, ni vya nagana. Matone machache tu ya damu, na mtu mzima akaondolewa kwenye mstari. Kipimo hicho kilikuwa na utata wake, maana vimelea vingine vilitoa jibu leo na jingine kesho, lakini baada yake haikuwa tena na maana kumwachia mtu mbung'o ili kujua jina la kimelea.

Kisha zamu ya panya ikafika. Watafiti wa Brussels waliokuwa pamoja na Etienne Pays walionyesha mwaka 1998 kwamba ustahimilivu wa kimelea cha malale unabebwa na jeni moja, wanayoiita SRA. Mwaka 2003 wakaitambua protini ya damu ya binadamu inayoua vimelea vingine, APOL1. Kwa jeni hiyo ya SRA, kutofautisha mapacha wale kukawa kazi ya mashine inayosoma jeni katika tone la damu. Uganda iliiona faida yake upesi: mlipuko wa malale wa Soroti ulioanza mwishoni mwa mwaka 1998 ulifuatiliwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ukaonyesha kuwa ng'ombe wa eneo hilo walikuwa wamebeba kimelea cha watu. Ng'ombe walionunuliwa minadani ili kujaza maboma yaliyokuwa tupu walikuwa wamekuja nacho. Kwa mfugaji wa Kisukuma anayeswaga mifugo kutoka wilaya moja hadi nyingine, habari hiyo ina uzito kuliko kitabu kizima cha falsafa ya haki za wanyama.

Tazama mwendo wenyewe: mtu, panya, tone la damu. Kila hatua ilimwokoa aliyekuwa kwenye hatua iliyotangulia, na kila hatua ilijengwa kwa kumtumia huyo. Jeni ya SRA isingejulikana bila vimelea vilivyokuzwa ndani ya panya kwa miongo. Mwaka 1959, Waingereza William Russell na Rex Burch waliandika kitabu kilichotoa kanuni tatu ambazo leo maabara zote zinazojiheshimu huzifuata: mbadilishe mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, punguza idadi, punguza maumivu. Ya kwanza kati ya hizo ndiyo ngumu. Maandamano yanaweza kuisukuma, lakini yanayoitimiza ni maelezo ya namna mwili unavyofanya kazi.

Kwa hiyo wanyama wa maabara hujibu nini vizuri? Malale yenyewe inatoa mfano wa pili, na huu ni wa kufurahisha. Mwaka 1966 kimelea kimoja kilichukuliwa kwa nyumbu wa Serengeti, kikahifadhiwa kwa jina la GVR35. Mwaka 1982 kingine kikachukuliwa kwa mgonjwa wa Ifakara, na kizazi chake kinaitwa STIB900. Vyote viwili viliishia Ulaya, ndani ya mapipa ya baridi kali na panya wa maabara. GVR35 ina tabia ya pekee: inamshambulia panya polepole na kuingia kwenye ubongo, kama malale inavyofanya kwa mtu. Kwa muda mrefu, dawa pekee ya malale yetu ikishafika kichwani ilikuwa melarsoprol, yenye aseniki ndani yake, iliyochoma mishipa ya mgonjwa na kuua takriban mmoja kati ya kila ishirini waliotibiwa. Watafiti wakapekua dawa za zamani zilizotupwa, wakaikuta fexinidazole, ambayo kampuni ya Ujerumani ya Hoechst ilikuwa imeiacha kabatini. Ikapimwa Basel, Uswisi, kwa panya wenye vimelea hivyo vya Tanzania, ikawaponya, hata wale ambao ugonjwa ulikuwa umefika ubongoni.

Hapo panya aliulizwa swali analoliweza: dawa hii ikimezwa, inafika kwenye ubongo na kuua kimelea? Ukuta unaoulinda ubongo wa panya haufanani moja kwa moja na wetu, lakini unatosha kwa kuanzia. Baada ya hapo majaribio yakafanyika kwa wagonjwa wenyewe, Kongo kwanza, kisha Malawi na Uganda kwa malale ya aina yetu, na mwishoni mwa mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikaikubali kwa ugonjwa huo pia. Vidonge vya siku kumi mahali pa aseniki. Tangu mwaka 2018 wagonjwa wote wa malale wanaoripotiwa Afrika nzima hawafiki 1,000 kwa mwaka. Si kazi ya panya peke yao, ni ya mitego ya mbung'o na ya waganga waliozunguka vijijini kwa baiskeli na pikipiki, lakini nafasi ya panya kwenye hadithi hiyo haifutiki.

Malaria ina kisa kinachofanana na hiki. Mwaka 1948 Ignace Vincke na Marcel Lips walipata Katanga, Kongo, kimelea cha malaria kinachoishi ndani ya panya wa msituni, wakakiita Plasmodium berghei. Kabla ya hapo, mtafiti aliyetaka kujaribu dawa ya malaria alitumia ndege au nyani. Kimelea cha Katanga kikaenda dunia nzima. Oktoba 1971, Beijing, Tu Youyou aliwapa panya wenye kimelea hicho dondoo la mmea wa Kichina, na vimelea vyote vikatoweka. Kabla ya kuwapa wagonjwa dondoo hilo, yeye na wenzake walilimeza wenyewe. Dawa mseto inayotolewa leo zahanati ya Segese kwa mtoto mwenye homa imetoka huko. Sioni kama kuna familia katika ukanda huu ambayo haijafaidika na yule panya wa Katanga, wawe wanalijua hilo au hawalijui.

Sasa upande wa pili, na hapa wachimbaji wadogo wanahusika moja kwa moja. Anayesaga mawe kwenye karasha bila maji huvuta vumbi la silika. Silika huchakaza mapafu, na mapafu yaliyochakaa ni nyumba ya kifua kikuu. Dawa za kifua kikuu zinachukua miezi sita, na mchimbaji anayehama kutoka duara hadi duara, leo Segese, mwezi ujao Chunya, hukatiza katikati. Ndoto ya wataalamu ni kufupisha. Panya wa maabara walitoa matumaini: dawa ya moxifloxacin ikichanganywa na nyingine, bakteria waliisha ndani yao haraka zaidi. Jaribio kubwa liitwalo REMoxTB likaandaliwa, likiwa na wagonjwa 1,931 katika nchi kadhaa, Tanzania na Kenya zikiwamo. Mwaka 2014 matokeo yakatoka. Miezi minne haikutosha. Ugonjwa uliwarudia wengi kuliko ilivyokubalika.

Kwa nini panya alikosea? Sehemu ya jibu iko kwenye mapafu. Panya wa kawaida wa maabara akipata kifua kikuu hatengenezi yale mashimo yenye uozo katikati ambayo mgonjwa wa kwetu huwa nayo, na ambamo bakteria hujificha mahali dawa haifiki. Aliulizwa dawa inaua bakteria kwa kasi gani, akajibu sawasawa. Kosa lilikuwa kuchukua jibu hilo kuwa la swali jingine, kwamba itamponya mtu mwenye mashimo kifuani. Tangu hapo watafiti wengi wamehamia kwa aina ya panya ambao mapafu yao huoza kama ya binadamu, na mwaka 2021 mchanganyiko mwingine wa miezi minne, wenye rifapentine pamoja na moxifloxacin ile ile, ulifaulu kwa wagonjwa. Lakini wapo waliougua mara ya pili kwa sababu mnyama aliaminiwa kupita uwezo wake. (Kuna panya mwingine anayepambana na kifua kikuu hapa nchini, panya buku wa Morogoro anayefundishwa kunusa makohozi na kulipwa kwa ndizi. Huyo anaulizwa swali analolijua kuliko sisi, na hakuna anayempasua.)

Mfano wa kutisha zaidi ni wa London, Machi 2006. Dawa iliyoitwa TGN1412 ilikuwa imepewa nyani kwa dozi mara 500 ya ile iliyokusudiwa kwa watu, wakabaki wazima. Vijana sita wenye afya waliopokea dozi hiyo ndogo wakalazwa mahututi ndani ya saa chache. Chembe za kinga za nyani hazikuwa na alama ile ile ambayo dawa iliiwasha kwa binadamu. Kwa macho ya nje nyani ni ndugu yetu wa karibu kuliko kondoo. Kwa swali lile, hakuwa karibu hata kidogo.

Hayo yananifanya nisiamini kambi yoyote kati ya mbili zinazogombana. Wanaosema mnyama ni lazima kila mara wanasahau REMoxTB na London. Wanaosema hafai kabisa wanapaswa kutueleza fexinidazole ingepatikanaje, na nani angeonja kwanza. Ninachokubali ni kipimo kigumu zaidi kuliko walivyonacho wote wawili: kabla mnyama hajaguswa, mtafiti aeleze kwa maneno ya kawaida kwa nini mwili wa mnyama huyo unaweza kulijibu swali hilo. Akishindwa kueleza, anapoteza mnyama, fedha, na pengine mgonjwa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayogusa pia matumizi yao katika majaribio, na vyuo vyenye wanyama, kama Sokoine cha Morogoro, vinajua taratibu za vibali. Kenya ina taasisi yake ya utafiti wa nyani iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960, ambako nyani, anayepata kichocho kwa asili porini, ametumika kuuchunguza ugonjwa huo. Sheria zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni hilo swali kuulizwa kwa ukali, na kuulizwa na watu wasiotafuta fedha za mradi.

Marekani iliondoa mwishoni mwa mwaka 2022 sharti la sheria kwamba kila dawa mpya ipimwe kwa wanyama kabla ya watu, na kuruhusu njia nyingine: chembe za binadamu zilizokuzwa kwenye vibao vidogo, hesabu za kompyuta. Ni hatua nzuri, na kwa maswali mengine zitashinda panya. Kwa chanjo ya mtoto, kwa dawa inayopita kwenye ini, figo na ubongo kwa pamoja, bado sijaona kibao kinachofanana na mwili mzima. Na siku chombo kama hicho kitakapokosa jibu, historia ya Tinde inatutaka tuangalie upesi ni nani anaitwa kujaza pengo, na anaitwa kutoka nchi gani.

Lipo pia tatizo la aina nyingine, la mnyama aliyejibu sawasawa na watu wasitake kusikia. Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu ulitangazwa rasmi Mei 1956. Paka wa wavuvi walikuwa wameanza kuyumba na kuanguka baharini. Daktari Hajime Hosokawa, mkuu wa hospitali ya kiwanda cha Chisso, alimlisha paka aliyempa namba 400 chakula kilichochanganywa na maji taka ya kiwanda hicho hicho. Oktoba 1959 paka akapata dalili zile zile. Jaribio halikuhitaji marudio mengi. Kampuni ikalifunika, na zebaki ikaendelea kumwagwa baharini hadi mwaka 1968. Hosokawa alitoa ushahidi mwaka 1970 akiwa kitandani, mwaka aliofariki.

Zebaki ya Minamata ilikuwa ya aina iliyoingia kwenye samaki. Ya kwetu huvutwa kama mvuke pale mchomaji anapouunguza mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kwenye moto wa mkaa. Sumu ni ya ukoo mmoja na inalenga ubongo ule ule. Mkataba wa dunia unaobeba jina la mji ule ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Watafiti walikwisha kuwapima wachimbaji wa Rwamagasa, Geita, miaka ya 2000, wakawakuta wachomaji wengi na dalili za sumu ya zebaki: mikono inayotetemeka, mwendo usio sawa, usingizi mbovu. Kwa hilo hakuna panya, sungura wala paka anayehitaji kuugua tena. Kinachohitajika Segese ni retoti ya kufunika mvuke kwenye kila mwalo, mahali pa kuchomea palipo mbali na jiko na watoto, na mnunuzi wa dhahabu anayekataa kuchoma ndani ya duka lake.